Siku nne Roma na mama mwenye magoti mabovu

*"Habari za kazi. Naishi Moshi, Kiborloni. Mwezi wa kumi nampeleka mama Roma. Ana miaka 71, ana presha anayoitumia dawa kila siku, na magoti yanamsumbua. Viza tumeshapata. Tutafika Jumamosi jioni na kuondoka Alhamisi asubuhi, na tumepata chumba kwenye nyumba ya masista karibu na stesheni ya Termini. Wenzetu wa jumuiya waliokwenda mwaka wa Jubilei wananiambia vitu vyote viko jirani, ni kutembea tu. Kwamba kila kanisa lina tiketi na ni rahisi kuzinunua kwa vijana wanaouza nje. Kwamba ni lazima tupite Milango Mitakatifu yote minne. Na kwamba chakula ni piza na tambi basi. Mama mwenyewe ana jambo moja tu: anataka kuzipanda zile Ngazi Takatifu kwa magoti. Naogopa kumkatalia, naogopa na kumkubalia. Nipange vipi?"*

Dada yangu, mama ataiweza Roma. Ataiweza nusu yake kwa siku nne, na akiipata nusu hiyo bila kukimbizwa atarudi ameona mengi kuliko waliopita kila mahali wakihema. Kinachokutia wasiwasi ni magoti yake na hamu yake kuvutana kila hatua, kwa hiyo nianze na miguu. Tiketi na chakula nitavifikia.

Wenzako hawakudanganya waliposema vitu viko jirani. Roma huonekana hivyo kwa sababu ilipangwa ionekane hivyo. Papa Sixtus wa Tano, aliyeongoza kati ya 1585 na 1590, alikata barabara ndefu zilizonyooka kati ya makanisa makubwa, kisha mhandisi wake Domenico Fontana akasimamisha obeliski za kale, yaani nguzo ndefu za jiwe, mahali barabara hizo zinapokutana: San Pietro mwaka 1586, Santa Maria Maggiore 1587, San Giovanni in Laterano 1588, Piazza del Popolo 1589. Nia yake ilikuwa hujaji akitoka kanisa moja aone kwa macho alama ya kule aendako. Hiyo ya Laterano ina urefu wa karibu mita 32, na jiwe refu namna hiyo likisimama mwisho wa barabara iliyonyooka, jicho linakuambia "pale tu". Kumbe kutoka Santa Maria Maggiore hadi Laterano ni karibu kilomita moja na nusu. Kwako ni matembezi ya dakika 20. Kwa mama ni asubuhi nzima imeisha.

Ndani ya Basilika ya San Pietro mambo ni yale yale. Ina urefu wa karibu mita 187 kwa ndani, na kila kitu kimekuzwa kwa uwiano mmoja hata ukubwa wenyewe unajificha. Wale malaika watoto wanaoshika bakuli za maji ya baraka mlangoni wanaonekana wadogo mpaka usimame kando yao, ndipo utagundua wanamzidi mtu mzima kimo. Mama ataiona altare akadhani iko karibu, na atatembea, na atatembea. Mwambie mapema, na mkubaliane mahali pa kukaa kabla hamjaingia.

Halafu kuna mawe. Mitaa mingi ya katikati imetandikwa vijiwe vyeusi vya volkano ambavyo Waroma huviita sampietrini. Havilingani, vina mianya, na kila hatua kifundo cha mguu hulazimika kujirekebisha. Goti ndilo linalolipa. Vikilowa vinateleza, na mwezi wa kumi mvua si ngeni. Mnunulie viatu vya chini vyenye soli nene na laini, avivae Moshi kwa wiki kadhaa kabla ya safari, na abebe fimbo yenye mpira chini. Kingine, mpangie miteremko kwa uangalifu kuliko vilima. Aliyekulia migombani anajua kwamba kushuka kunauma goti kuliko kupanda, kwa kuwa ukishuka uzito wote unalisukuma goti lililokunjika. Basi kwenye mpando mpeleke kwa miguu ikibidi, ila kwa kushuka tafuta basi au teksi.

Sasa tiketi. Hapa wenzako wamekosea, na kosa hili huwagharimu watu fedha nyingi. Basilika kuu nne, yaani San Pietro, San Giovanni in Laterano, Santa Maria Maggiore na San Paolo nje ya kuta, kuingia ni bure. Foleni unayoiona uwanjani pa San Pietro ni ya ukaguzi wa usalama, mikoba na vyuma kama uwanja wa ndege, na tiketi ya kijana wa barabarani haikuondolei ukaguzi huo. Dawa ya foleni hiyo ni kufika mlango unapofunguliwa, saa moja asubuhi. Vinavyolipiwa kwa kweli ni vichache, kama Colosseum euro 18, tiketi ikijumuisha magofu ya Foro (kitovu cha Roma ya kale) na kilima cha Palatino, Pantheon (hekalu la kale lililogeuzwa kanisa) euro 5, Makumbusho ya Vatikano euro 20, na 5 za kuwekea nafasi mtandaoni. Nunua kwenye tovuti rasmi za mahali penyewe. Ya Colosseum hubeba jina la mwenyewe na mlangoni huombwa pasipoti, kwa hiyo andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, yote, kwa mpangilio ule ule. Saa iliyoandikwa 09:00 ni saa tatu asubuhi. Watu hufika wamechelewa kwa kusoma saa kwa haraka. Na kwa mwezi huo Roma iko nyuma ya Moshi kwa saa moja, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaporudisha saa nyuma, ndipo tofauti inakuwa mbili.

Kuhusu Milango Mitakatifu ya basilika hizo nne, msihangaike. Ilifunguliwa kwa Jubilei ya 2025 na ikafungwa. Wa mwisho, wa San Pietro, ulifungwa tarehe 6 Januari 2026. Jubilei za kawaida huja kila baada ya miaka 25. Mkipita milango mingine hamjapungukiwa na kitu katika hija yenu.

Ngazi Takatifu sasa. Najua hili ndilo zito. Ziko ng'ambo ya barabara kutoka San Giovanni in Laterano: vidato 28 vya marumaru, vilivyofunikwa kwa mbao, ambavyo mapokeo yanasema ni vya jumba la Pilato na vililetwa kutoka Yerusalemu na Mtakatifu Helena. Vile vya katikati havipandwi kwa miguu kabisa, ni kwa magoti tu. Kidato kimoja kinamtaka mtu auweke uzito wake wote juu ya goti lililokunjika, kisha ajisukume juu kwa goti hilo hilo. Mara 28. Juu ya mbao ngumu. Mbele yake kuna watu, nyuma yake kuna watu, na mwendo ni wa yule aliye polepole kuliko wote. Akishindwa kidato cha 15, kugeuka ni shida. Kwa goti lililolika gegedu, huo ni mzigo unaoweza kulivimbisha siku zote zilizobaki.

Hata hivyo nisingemkatalia kwa neno moja. Pembeni, kushoto na kulia, kuna ngazi nyingine zinazopandwa kwa miguu, na zinafika pale pale juu, kwenye kikanisa cha Sancta Sanctorum. Mama anaweza kupiga goti moja, au kuinama tu, chini ya ngazi zenyewe, aguse kidato cha kwanza, asali rozari yake akiwatazama wanaopanda, kisha apande za pembeni akishika ukuta. Zungumza naye hapo nyumbani, wala usisubiri mfike mlangoni akiwa na moyo wa moto. Na mpeleke kwa paroko wenu kabla ya safari. Kwa nini mgonjwa hadaiwi kile ambacho mwili wake hauwezi, hilo mama atalipokea kwa padre. Kwako wewe mwanawe atasikia unamzuia. Kama daktari akisema magoti yanahimili, basi apande, ila iwe siku ya tatu au ya nne, isiwe ya kwanza.

Siku zenu ningezipanga hivi. Jumapili, misa Santa Maria Maggiore, ambayo kutoka Termini ni mwendo wa dakika kumi kwa mwendo wenu. Humo ndimo alimozikwa Papa Fransisko, Aprili 2025, kaburi la kawaida lenye jina Franciscus peke yake. Fikeni mapema, foleni yake hukua. Kisha teksi hadi uwanja wa San Pietro, maana saa sita mchana Papa husali Malaika wa Bwana dirishani anapokuwa Roma, wala hakuna tiketi. Mkirudi, lala. Msiongeze kitu siku hiyo.

Jumatatu iwe ya Colosseum, nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi. Ilijengwa kuanzia karibu mwaka 72 na kuzinduliwa mwaka 80, na ina lifti kwa wasioweza ngazi. Mwoneshe mhudumu fimbo ya mama na uulize. Foro msiingie, nasema kwa masikitiko maana napapenda. Ardhi yake ni mawe makubwa ya Warumi wenyewe, yaliyopinda, hayana kivuli, na mtamaliza nguvu zote pale. Mnaweza kuitazama Foro kutoka barabarani juu, kwenye uzio wa Via dei Fori Imperiali, bure.

Jumanne mwende San Paolo nje ya kuta kwa metro B. Ni basilika tulivu kuliko zote, sakafu yake ni bapa na viti ni vingi. Kituo cha kurudi kiwe Piramide, mkale Testaccio, nitaeleza kwa nini. Alasiri, mkiwa na nguvu, teksi fupi hadi Trastevere kwenye kanisa la San Francesco a Ripa. Watalii wengi hawalijui. Kwa Mtanzania lina maana yake: Laurean Rugambwa wa Bukoba alipofanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho, hilo ndilo kanisa alilokabidhiwa Roma. Na humo kuna sanamu ya Bernini ya Mwenye Heri Ludovica Albertoni, ya marumaru, ambayo kwingine ungeilipia kuiona.

Jumatano ni hadhara ya Papa. Tiketi ni bure na huombwa mapema kwa ofisi ya Vatikano inayoitwa Prefettura. Paroko au masista mtakaofikia kwao hujua namna ya kuandika. Ukiona mtu anaiuza, ondoka. Fikeni saa moja asubuhi kupata viti, na mama avae sweta. Mawe ya uwanja ule hutoa baridi asubuhi. Basilika yenyewe haiingiliki mpaka hadhara iishe, kwa hiyo ipangeni kwa alasiri. Mabega na magoti lazima yafunikwe, na hapo nyinyi mmeshinda wageni wote: khanga mbili kwenye mkoba zinatosha, nyepesi, na moja inakuwa shali wakati wa baridi. Kuba msiipande. Hata ukitumia lifti zinabaki ngazi 320 nyembamba.

Utaona sijaweka Makumbusho ya Vatikano. Kikanisa cha Sistina kinastahili kila sifa inayopewa, lakini njia ya kukifikia ni kumbi ndefu mno, umati unasukumana, na viti ni vichache. Kama mama atakubali kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, makumbusho hukiazima bure ukiacha kitambulisho, na hapo mambo hubadilika kabisa. Wekeni Jumatatu mchana au Jumanne. Kama hatakubali, acheni. Na mkienda, kumbukeni mlango wake uko Viale Vaticano, upande wa kaskazini wa ukuta, si uwanja wa San Pietro. Wengi hukosa nafasi yao kwa kosa hilo.

Pantheon ifuateni mchana, maana hufungwa jioni, na chemchemi ya Trevi jioni au alfajiri, kwa teksi kwenda na kurudi. Kuba la Pantheon, upana wa mita 43.3 na kimo hicho hicho kutoka sakafuni, ni zege tupu lisilo na nondo, lenye karibu miaka 1,900. Kaeni kwenye benchi mtazame lile tundu la juu. Ila pale Ngazi za Hispania mama asithubutu kukaa, hata akichoka vipi: tangu 2019 ni kosa, na faini yake ni mamia ya euro.

Chakula. Mama wa Kichaga ndiye mgeni ambaye Roma ingemchagua kumlisha. Testaccio palikuwa na machinjio ya jiji hadi 1975. Nyama nzuri ilikwenda kwa matajiri na wafanyakazi wakabaki na kile wanachokiita robo ya tano: utumbo, mkia, ulimi, moyo. Ndicho chakula halisi cha Roma mpaka leo. Trippa alla romana ni utumbo uliopikwa kwa nyanya na majani ya mnanaa, na jibini juu. Coda alla vaccinara ni mkia wa ng'ombe uliochemshwa saa nyingi kwa nyanya na seleri mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Mboga aulizie cicoria ripassata, majani machungu yaliyokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili. Aliyezoea mnafu hataona ugeni. Hutatafsiriwa mengi mezani, kwa hiyo andika majina haya kwenye karatasi.

Angalizo ni chumvi, kwa ajili ya presha. Jibini la pecorino na mafuta ya shavu la nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi ndivyo vinavyotia ladha carbonara, amatriciana na gricia. Sahani moja ya tambi hizo, kwa kugawana, mara moja katika safari, inatosha. Sema "senza pecorino" na jibini halitawekwa juu ya utumbo. Nyama huja peke yake sahanini; mboga, wanazoziita contorno, huagizwa kando, na usipoagiza hutaziona. Huna lazima ya kuagiza hatua zote za menyu. Bilini utakuta mkate umetozwa euro moja au mbili, ni kawaida. Bakshishi si deni, ukiacha sarafu kidogo wanashukuru.

Kinachowakwaza wageni wetu zaidi ni saa. Majiko hufungwa kama saa tisa alasiri na hayafunguliwi mpaka saa moja na nusu jioni. Mama anayemeza dawa na chakula asikutwe katikati. Bebeni ndizi mbivu na mkate, au ingieni duka la piza ya kukatwa inayouzwa kwa uzito. Mwambie akate kipande cha vidole vinne. Mkikumbuka nyumbani, soko la Esquilino, jirani na Termini, lina ndizi za kupika, bamia na unga wa mahindi, siyo Jumapili. Nyama na maziwa kutoka Tanzania msibebe, forodha ya Ulaya hairuhusu. Kahawa ya kuwapelekea masista inaruhusiwa na itapokewa kwa shangwe.

Kahawa yenyewe inywewe wima kaunta. Mahali penye watu wengi hulipiwa kwanza kwa keshia, kisha unampa mhudumu risiti. Ukikaa mezani, hasa penye uwanja maarufu, bei huruka mara kadhaa. Mama akiiona kali na chungu kuliko ya Kilimanjaro, sababu mara nyingi ni robusta iliyochanganywa na kuchomwa sana. Aagize "caffè lungo", yenye maji zaidi. Na kikombe hicho ndicho tiketi yenu ya choo, kwani vyoo vya umma ni adimu. Maji msinunue. Jiji lina mabomba ya chuma kama 2,500 mitaani, maji safi, baridi, yanatiririka mchana kutwa; ziba mdomo wa bomba kwa kidole na maji yatarukia juu kupitia tundu dogo, mtu mzima anywe bila kuinama.

Wezi wa mifukoni hupenda basi namba 64 na metro A penye msongamano. Pasipoti na dawa zikae kwenye mkoba wa kifuani, ndani ya koti.

Mwisho, daktari, na hili lisikosekane. Wiki sita kabla, mpeleke mama hospitali ya KCMC au Mawenzi. Kwa magoti, muulize waziwazi: je, kupiga magoti vidato 28 inaruhusiwa, na dawa ipi ya maumivu haigongani na ya presha, maana baadhi ya dawa za maumivu hupandisha presha na kuumiza figo. Muulize pia kuhusu safari ndefu ya ndege na damu kuganda miguuni. Asimame kila baada ya saa mbili hivi na anywe maji. Dawa za siku zote na nyongeza ya wiki zikae mkobani, si kwenye begi la chini, pamoja na cheti cha daktari. Mkiwa Roma, akipata maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usisubiri kurudi kwa masista: piga 112. Tiketi za Colosseum hufunguliwa siku 30 kabla ya tarehe yenu, kwa hiyo ukimwona daktari katika wiki hizo sita utakuwa na jibu lake mkononi kabla ya kulipia chochote.